Mliotoka gerezani, na mlio na ndugu huko: mtaa uliwapokeaje? Tupeane uzoefu

Kaka Mkubwa
Ndugu zangu, habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Mdogo wangu anatoka gerezani mwezi ujao. Alihukumiwa miaka 6 kwa kuvunja stoo usiku na kuiba, na kwa kuwa hakupoteza ile theluthi moja ambayo sheria humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu, atakuwa ametumikia 4. Mama ameshaanza kukipaka chokaa chumba chake cha uani. Jana, nikiwa nimeshika ndoo ya chokaa, jirani yetu wa miaka ishirini, mtu ambaye tumezikana na kuozeshana, alisimama kwenye uzio akaniambia kwa upole kabisa: “Mtu wenu akikaribia kutoka mtuambie mapema, tubadilishe makufuli.” Sikumjibu, na usiku sikupata usingizi. Simtetei mdogo wangu. Alikosa, akakiri mbele ya hakimu, akafungwa. Ninachouliza ni hiki kifungo cha pili, cha mtaani, hupangwa na nani na huisha lini. Waliopitia naomba waeleze walivyopokelewa, na walioishi na ndugu wa namna hiyo waseme kilichosaidia na kilichoharibu.

Mama Pacha
Umenirudisha mbali, mwanangu. Mume wangu alikaa mahabusu miezi 11, kila tarehe ya kesi tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kumpikia, na pale getini naonja mwenyewe mbele ya askari, kisha kijiko kinapitishwa mpaka chini ya bakuli kuona kama nimeficha kitu. Hilo sikulichukia, ni utaratibu na kila mwenye mtu ndani anaupitia. Kilichonivunja moyo ni kikoba chetu. Wiki ya tatu mweka hazina alinirudishia kitabu changu cha hisa mbele ya wenzangu, akasema wanachama wanaona mkopo wangu hauna mtu wa kuusimamia, wakati nilikuwa sijawahi kuchelewesha marejesho hata mara moja. Na kilichonimaliza ni mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu. Kalamu ya mwenzake ilipotea, na mkoba uliofunguliwa wa kwanza ulikuwa wake. Kuanzia siku ile aliacha mkoba nyumbani, akawa anabeba madaftari mkononi, juani na mvuani, ili kila mtu aone kwamba hana mahali pa kuficha kitu. Kesi ya baba yake ilifutwa na mume wangu akarudi kazini, lakini mtoto ameendelea kubeba madaftari mkononi mpaka amemaliza darasa la saba.

Binti wa Ngamiani
Hapo kwenye mkoba nimelia, Mama Pacha. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, ila lilikuwa tranka la bweni.

Mwenye Duka
Naomba na sisi tulioibiwa tusikilizwe, kwa sababu naona machozi yote yanakwenda upande mmoja. Duka langu limevunjwa mara tatu. Mara ya mwisho walichukua mpaka mizani, na mke wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alifungwa kamba jikoni. Huyo jirani anayetaka kubadilisha makufuli ana kosa gani? Kufuli ni lake na mlango ni wake. Mtu akiumwa na nyoka, akiona ung’ongo hushtuka, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa kushtuka kwake. Aliyefungwa anahesabiwa siku zake na kupunguziwa theluthi, lakini mimi hofu yangu hakuna aliyenipunguzia hata robo.

Mzee wa Baraza
Ndugu Mwenye Duka, pole kwa yaliyokupata, na mama pia. Nimekaa mahakama ya mwanzo kama mshauri kwa miaka mingi na nimewaona wengi walioibiwa wakitetemeka kizimbani kuliko washtakiwa wenyewe. Hata hivyo, tusichanganye watu wawili. Mume wa Mama Pacha alikuwa mahabusu, hakuwa mfungwa. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Kile kikoba kilitoa hukumu kabla ya hakimu. Kuhusu mdogo wake Kaka Mkubwa, yeye amekwisha kulipa alichoamriwa kulipa, na hakuna sheria inayomruhusu mtu wa mtaani kuongeza siku juu ya siku za mahakama.

Mwenye Duka
Mzee wangu, heshima yako ipo palepale, ila Katiba hailali dukani kwangu. Mimi ndiye ninayelala pale.

Dereva wa Masafa
Naungana na Mwenye Duka. Na kwako, Kaka Mkubwa, ushauri wangu ni mmoja: mhamisheni. Mpelekeni kwa mjomba mkoa wa mbali, aanze maisha mahali ambapo hakuna anayejua alikotoka. Mimi nilifanya hivyo na leo naendesha lori.

Fundi Randa
Nilijiapiza kwamba jambo hili sitalisema, lakini hayo makufuli yamenishinda. Nilifungwa miaka 3 kwa kupokea mali ya wizi, nikatumikia 2. Nilinunua mbao za mninga kwa bei ambayo fundi yeyote angejua kwamba mbao hizo hazina risiti. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa na oda ya vitanda. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyeonewa na mahakama.

Nilirudi mtaa uleule niliozaliwa, nikafungua kibanda cha useremala. Mwezi wa nne tangu nitoke, mtungi wa gesi wa mama mmoja uliibwa usiku, mimi nikiwa nimelala. Nilichosikia kwanza hazikuwa kelele za mwizi. Nilisikia mtu akiuliza nje, bila hata kupandisha sauti, “Si yule yupo?” Hakuna aliyedai ameniona, wala aliyetaja kitu nilichofanya, hilo la kuwapo tu lilitosha. Mlango ukapigwa teke, nikaburutwa nje nikiwa na bukta. Nilimtambua kijana niliyemtengenezea meza ya kusomea, ameshika nondo. Pigo la kwanza lilinipata juu ya sikio la kushoto, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri. Nikiwa chini niliona tairi likivingirishwa kutoka upande wa gereji. Likayumba, likaangukia mtaroni, mtu akaliinua tena akaendelea nalo bila haraka. Petroli niliisikia harufu yake kabla sijaiona. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, na kizibo chake cha bluu kilikuwa bado hakijafunguliwa. Macho yangu yalikuwa kwenye kizibo kile.

Aliyeniokoa ni bibi muuza vitumbua, ambaye hata hatukuwa tumezoeana. Alipenya katikati ya watu akakaa kitako mchangani karibu na kichwa changu, akanitandikia kanga yake juu ya kifua, akasema, “Haya, mwageni, na mimi nipo hapa.” Msidhani walitawanyika. Walianza kubishana, wengine wakimtaka aondoke, wengine wakiona aibu kumgusa mtu mzima kama yule, na ubishi huo ndio uliompa mjumbe muda wa kufika, kisha polisi. Baada ya siku mbili mtungi ulionekana kwa mpwa wa mwenyewe, aliyekuwa ameuweka rehani. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Yule kijana wa meza peke yake ndiye alikuja, tena usiku, akasimama mlangoni akasema anarudisha bisibisi aliyoazima kwangu. Hakuwahi kuazima bisibisi kwangu. Niliipokea.

Binti wa Ngamiani
Ee Mola. Yule bibi yupo hai?

Fundi Randa
Alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilichonga ubao wa kaburi lake kwa mkongo.

Bibi Afya
Pole sana, Fundi. Hilo sikio ulilipeleka hospitali? Mtu aliyepigwa kichwani apimwe hata kama miaka imepita.

Mama Pacha
Na baada ya hayo yote uliendelea kuishi pale pale? Dereva wa Masafa anashauri watu wahame.

Fundi Randa
Niliendelea. Ningehama, ule mtungi ungebaki wangu milele. Lakini simlaumu aliyehama, kila mtu anajua kifua chake.

Dereva wa Masafa
Ngoja niwe mkweli, kwa sababu nimeandika kana kwamba kuhama ni dawa. Mwaka jana kampuni niliyoomba kazi ilidai hati ya tabia njema kutoka polisi, na hati hiyo hutolewa kwa alama za vidole. Vidole nilihama navyo. Kazi ile niliiacha kabla sijaulizwa. Basi ushauri wangu ni kwamba mdogo wako asiseme lolote mpaka aulizwe, ila awe tayari kuulizwa.

Mzee wa Baraza
Mimi nasema kinyume chake, aseme kabla hajaulizwa. Anayetangulia kusema huaminiwa nusu, na anayefumaniwa haaminiwi kabisa. Siku ya kwanza tu mumpeleke kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awasalimie akiwa na karatasi zake mkononi, ili siku kikipotea kitu asiwe mtu wa kuulizana habari zake gizani.

Mla Samaki wa Likoni
Mimi niko Mombasa. Huku kwetu tuna Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii tangu 1998, na kwa kosa langu sikupelekwa jela, bali niliamriwa kufagia soko miezi 6 chini ya afisa wa probesheni. Nilifagia mbele ya wateja wangu wenyewe. Wiki za kwanza nilikuwa nainama ili wasinione uso. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wananiitia mahali palipobaki taka. Nadhani watu wakimwona mkosaji akilipa deni kwa mikono yake, huwa wepesi wa kumwambia limekwisha. Aliyelipia nyuma ya ukuta hakuna aliyemwona akilipa.

Mzee wa Baraza
Umegusa penyewe, ndugu yangu. Na sisi huku tuna sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002 kwa makosa madogo, na ya bodi za parole, yaani kumtoa mfungwa kwa masharti kabla hajamaliza kifungo, ya mwaka 1994, ila mtaani wengi wanajua msamaha wa Rais wa sikukuu ya Muungano na ya Uhuru peke yake, na anayetoka kwa msamaha huo huambiwa ameponyoka.

Shangazi wa Kiembe Samaki
Mchinjieni kuku, na huyo jirani wa makufuli awe wa kwanza kunawa mikono. Atakayekula paja la kuku wenu ataona haya kumwita mtu mwizi kabla mifupa haijatupwa.

Mama Pacha
Shangazi, hapana. Sisi tulimfanyia mume wangu karamu na mtaa ukasema tunasherehekea wizi. Arudi kimya kimya, aonekane kazini, kuku baadaye.

Mwenye Duka
Nimesoma habari ya Fundi mara mbili na nimeshindwa kufunga duka nikaondoka. Kuna jambo sikuliandika. Ile mara ya pili nilipovunjiwa, vijana walimkamata mtu nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama kizingitini. Sikumpiga, na sikusema neno, na kila mtu alikuwa ananitazama mimi kwa sababu mali ilikuwa yangu. Alifia njiani kwenda hospitali. Mpaka leo sijui kama ndiye. Hofu yangu bado ninayo na makufuli yangu sitayatoa, lakini neno moja ningeweza kulisema usiku ule.

Fundi Randa
Nimekusoma, ndugu. Hili silijibu hapa. Tutafutane.

Kaka Mkubwa
Nawashukuru wote, hata mnaopingana. Kwa mjumbe tutakwenda siku ileile ya kwanza. Kuku itasubiri. Leo asubuhi nilimfuata jirani wetu, nikamwomba aje anisaidie kumalizia kupaka chokaa ukuta wa juu, kwa kuwa ngazi ndefu ni yake. Alinyamaza kidogo, akasema atafikiri. Ngazi ameniletea, ila ameiegemeza nje ya uzio. Fundi Randa, mdogo wangu amejifunza useremala huko ndani. Ningeomba, kama nafasi ipo, umwangalie hata mwezi mmoja.

Fundi Randa
Aje Jumatatu ya kwanza baada ya kutoka, saa moja asubuhi, randa nitampa mimi. Ila mwambie mapema kwamba kwangu kila mzigo wa mbao unaingia na risiti, na kuanzia siku ya kwanza atakayeupokea, kuuhesabu na kutia saini ni yeye.