Familia inaikuzaje timu ya resi bila kuvunjika? Petty, Wood na wenzao wa NASCAR

FundiMdogo, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum wakubwa na wenzangu.

Sisi ni ndugu watatu, gereji tumeachiwa na marehemu baba. Kaka mkubwa ndiye anayezungumza na wateja na ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kaka wa kati ndiye fundi wa injini khaswa. Ikiletwa Noah inatoa moshi, anaisikiliza kidogo tu anakwambia ni ringi au ni vali. Mie mdogo, breki na daftari la spea ndiyo yangu.

Usiku tukishafunga tunaangalia resi za NASCAR za Marekani kwenye simu. Gari zina sura ya gari za dukani, zinazunguka kiwanja cha mviringo kwa mwendo ambao barabara ya Fumba hujapata kuuona. Kilichotushika zaidi ni kuwa timu nyingi zilianzia kwenye banda la nyumbani, baba na watoto, na leo zina mamia ya wafanyakazi. Sasa ubishi umeingia ndani. Kaka mkubwa anasema familia ikitaka kukua lazima mmoja ashike kila kitu, na mfano wake ni Petty. Kaka wa kati anasema Petty wenyewe jina lao limeshaondoka kwenye timu, kwa hiyo mfano wa kufuata ni Wood.

Naomba mwenye kuijua historia hii vizuri anisaidie. Familia hizi mbili zilikuaje, na kwa nini moja bado ipo na nyengine haipo? Naulizia kwa dhati, maana na sisi tunataka kufungua tawi la pili.

Mtoto wa Michenzani

Pesa ya mdhamini, kaka. Petty walikuwa na STP, kampuni ya dawa za kutia kwenye oili ya injini, tangu 1972. Kampuni ilitaka gari iwe nyekundu yote, Richard Petty, dereva wao, akakataa kuiacha buluu ya kwao, wakaishia kuchanganya rangi mbili. Jambo moja wengi hawalijui: hawakukubali kubandika tangazo la bia kwenye gari, kwa ahadi waliyompa mama yao. Hilo mie lilinifanya niwapende.

Ami wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Nimekaa Greensboro, North Carolina, nikifanya kazi kwenye duka la mipira ya gari. Level Cross, kwa akina Petty, ni mwendo mfupi tu kutoka hapo ukielekea kusini. Gereji yao ya zamani sasa ni makumbusho, pale pale penye kiwanja cha familia. Nimekwenda, na Stuart kwa akina Wood, kule milimani Virginia, nimekwenda pia. Kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu, univumilie.

Anza na Lee Petty. Juni 1949 NASCAR ilifanya pale Charlotte resi yake ya kwanza ya gari za kawaida, zisizobadilishwa sana. Lee alikwenda na Buick ya kuazima, akaipindua. Mwaka huohuo akashinda resi yake ya mwanzo kwa gari nyengine. Baadaye akachukua ubingwa 1954, 1958 na 1959, na ndiye aliyeshinda Daytona 500 ya kwanza kabisa, resi kubwa kuliko zote za NASCAR, 1959, baada ya siku tatu za kutazama picha ili ijulikane nani alitangulia mstari.

Lakini ukisema Lee peke yake ndiye aliyeikuza timu ile, hujaiona vizuri. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Richard ndiye dunia inayemjua: kofia kubwa, miwani ya jua, namba 43, ushindi 200, ubingwa mara 7. Mwaka 1967 peke yake alishinda resi 27, kumi kati ya hizo mfululizo. Mwengine ni Maurice. Huyu aliugua polio utotoni. Alijaribu kuendesha kidogo, kisha akaingia kwenye injini na hakutoka tena. Zile injini zilizompa kaka yake ushindi wote ule ni mikono ya Maurice. Wa tatu ni Dale Inman, jamaa yao, aliyekuwa kiongozi wa mafundi. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua gari ikae vipi barabarani, iingie lini kujaza mafuta, ibadilishwe mipira mingapi. Watu hawa watatu, mmoja kwenye usukani na wawili kwenye spana, ndio waliokuwa Petty Enterprises.

Kaka yako mkubwa anataka mmoja ashike kila kitu. Basi mpe kisa hichi. 1959, kiwanja cha Lakewood, Atlanta, Richard kijana anapepewa bendera ya ushindi, ushindi wake wa mwanzo. Mtu wa pili akaweka pingamizi kuwa mizunguko imehesabiwa vibaya. Mtu huyo wa pili alikuwa baba yake. Wakahesabu upya, wakampa baba. Lee alikuwa mkali namna hiyo, na ukali ule uliwafunza watoto kazi, sikatai. Ila angalia nini kilikuja kuiokoa timu: 1961 Lee aliumia vibaya sana Daytona, gari ikaruka nje ya kiwanja, na tangu hapo akawa anaendesha kwa nadra. Kama kila kitu kingekuwa mikononi mwake, timu ingekufa siku ile. Haikufa kwa sababu watoto walikuwa tayari wana kazi zao, kila mmoja na yake.

Walianza kurudi nyuma pale watu wa spana walipoachana. Inman aliondoka 1981. 1984 akachukua ubingwa akiwa na dereva Terry Labonte, timu nyengine kabisa. Richard mwenyewe 1984 na 1985 aliendesha gari ya mtu mwengine, na ushindi wake wa 200, tarehe 4 Julai 1984 pale Daytona, rais Reagan akiwa uwanjani, haukuwa wa timu ya nyumbani kwao. Alirudi, lakini hakushinda tena resi hata moja. Matumaini yote yakahamia kwa kizazi kinachokuja, Kyle mtoto wa Richard, halafu mtoto wa Kyle, Adam. Adam alifariki mazoezini New Hampshire Mei 2000, ana miaka 19. Lee, baba wa babu yake, alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Familia ilipigwa pigo ambalo mie siwezi kulizungumza kama hesabu ya biashara. Mwanzo wa 2009 timu iliunganishwa na nyengine, na tangu 2023 jina la Petty halimo katika jina la timu.

Sasa Wood. Ndugu watano wa kiume, Stuart, Virginia, mji mdogo. Glen alikuwa mkata mbao. Walianza 1950, na gari yao ya mwanzo iliwaka moto ikikokotwa kurudi nyumbani kutoka kwenye resi. Glen alikuwa dereva mzuri sana. Lakini katikati ya miaka ya 1960 aliuacha usukani akiwa bado ana uwezo, na hakuwasukuma watoto wake wakae pale. Kiti wakawapa watu wa nje: Tiny Lund, Cale Yarborough, A.J. Foyt, David Pearson. Pearson peke yake aliwapa ushindi 43 kati ya 1972 na 1979. Familia ikabaki na kitu kimoja, nacho wakakikamata khaswa: kazi ya gari inaposimama. Zamani gari ikiingia kujaza mafuta madereva walikuwa wanaweza kushuka wakavuta sigara. Leonard Wood, mdogo wake Glen, aliona muda unapotea pale. Akatengeneza jeki inayoinua gari kwa mapigo machache, kila mtu akapewa kazi yake moja na hatua zake. Wakawa wepesi kiasi kwamba 1965 Ford iliwaita Indianapolis 500, resi ya aina nyengine kabisa, wamhudumie Jim Clark na Lotus yake. Clark akashinda.

Kwetu Pemba mwenye chombo si lazima awe nahodha. Anatafuta nahodha anayeijua bahari, yeye anabaki na mbao, kalafati na tanga. Wood walifanya hivyo hivyo. Ndiyo maana timu ipo tangu 1950 mpaka leo, namba 21, Ford ileile, na wanaoiendesha ni watoto na wajukuu wa Glen. Dereva akizeeka analetwa mwengine, nyumba haitikisiki. Petty walihitaji kila kizazi kizae dereva.

Kaka yako wa kati ana haki katika hili.

Bi Hesabu, Chake Chake

Ami, nimesoma kwa raha, lakini umewatengenezea Wood njia nyepesi mno. Mie kazi yangu ni mahesabu, na naona umeruka miaka mibaya.

Kati ya 2009 na 2015 Wood hawakuwa wakishiriki msimu mzima. Pesa haikutosha. Ndani ya kipindi hicho walishinda Daytona 500 ya 2011 na Trevor Bayne, kijana aliyetimiza miaka 20 siku moja kabla, na hata ushindi ule haukuwapa msimu kamili. Mwaka 2016 NASCAR ilipogawa haki 36, zile zinazomhakikishia mwenye timu nafasi katika kila resi na fungu la mapato, timu kongwe kuliko zote haikupata hata moja, kwa sababu haikuwa imeshiriki mfululizo. Kilichowaokoa ni kukubali kushirikiana na Penske, timu kubwa ya Ford, kupata gari na utaalamu. Huko ni kujua kuishi kwa udogo, na mie nakuheshimu sana, lakini FundiMdogo ameuliza kuhusu kukua.

Aliyekua ni Rick Hendrick. Yeye alikuwa muuza magari, alianza 1984 na wafanyakazi watano, akakaribia kufunga mwaka uleule kabla dereva wake Geoff Bodine hajashinda resi ya Martinsville. Biashara ya magari ndiyo iliyobeba timu. Oktoba 2004 ndege ya timu ilianguka, akampoteza mwanawe Ricky, kaka yake John na watoto pacha wa John, miongoni mwa watu kumi. Timu ikaendelea, kwa sababu ilikuwa na mifumo na wakuu wa kazi ambao si damu yake. 2021 ikafikisha ushindi 269 na kuwapita Petty waliokuwa na 268.

Na kuna familia ambayo hamkuitaja. Wendell Scott wa Danville, Virginia. Mtu mweusi, dereva wa teksi, fundi wa gari yake mwenyewe, watoto wake wa kiume ndio mafundi wake kiwanjani. Alipanga kila kitu unachokisifu, Ami: kila mmoja na kazi yake, spana nyumbani. Desemba 1963 alishinda resi ya Jacksonville, bendera akapewa Buck Baker, dereva mzungu, na baadaye watu wakishaondoka ndiyo wakakubali Scott ndiye mshindi. Kombe la ushindi ule NASCAR iliikabidhi familia 2021, yeye ameshafariki tangu 1990. Alianza resi 495, kwa spea kuukuu, bila mdhamini mkubwa. Ustadi alikuwa nao. Alinyimwa mtaji, na alinyimwa kwa rangi yake.

FundiMdogo, Mwanakwerekwe

Ami, Bi Hesabu, Mungu awalipe. Kuhusu Scott sikuwa nikijua kabisa, na nimewasomea kaka zangu kwa sauti, gereji nzima ilinyamaza.

Ami, Bi Hesabu amenitia shaka. Tufungue tawi la pili au tusifungue?

Ami wa Wete

Bi Hesabu, kwa Scott umesema kweli na inaniuma. Na kwa Wood nakupa hesabu, ila ushindi wao wa 100 ulikuja Agosti 2024, Daytona, Harrison Burton akiendesha. Kutoka wa 99 walikaa miaka saba. Mtu anayekaa miaka saba bila kufunga duka simwiti mdogo.

Mwanangu, swali la tawi lina swali jengine mbele yake. Huyo kaka wa kati jina lake limo kwenye makaratasi ya gereji? Mshahara wake unajulikana, au anachukua anachopewa? Angalia Petty walivyorudi nyuma walipompoteza Inman. Mtu wa injini akiondoka, hilo tawi la pili mtalifungua na nani? Mkae na mama yenu, muandike sehemu ya kila mmoja, na kaka mkubwa abaki na wateja kwa sababu anaiweza kazi hiyo. Baada ya hapo tafuteni msimamizi wa tawi, na asiwe lazima mtoto wa baba yenu. Mkimpata kijana mwaminifu wa Jang'ombe anayejua kazi kuwashinda, mpeni funguo.

Na usiku mkishafunga, tafuteni mwisho wa Daytona 500 ya 1976. Mzunguko wa mwisho, Richard Petty na 43 yake, David Pearson na 21 ya Wood, wanagongana wakitoka kona ya nne, wote wawili wanabamiza ukuta. Gari ya Petty inasimama kwenye majani karibu kabisa na mstari, imezima, mafundi wanakimbilia kuisukuma. Pearson katikati ya ajali amekanyaga klachi, injini haikuzima. Anauliza kwenye redio kama Richard ameshapita, na anayemjibu ni Eddie, mtoto wa Glen. Hajapita. Basi anakuja taratibu, gari imebondeka mbele yote, mwendo wa bajaji, anavuka mstari. Mwambieni kaka wa kati aitazame ile klachi.