Tupeane uzoefu: udhaifu wako uliuwekaje kwenye mpango wa kupanua himaya?

Mtoa mada, Nkuhungu – Dodoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, tumsifu Yesu Kristo.

Tupo wengi tunaosali na pia tunacheza zile gemu za vijiji na himaya, ambazo seva moja, yaani duru moja ya mchezo, huchukua miezi mpaka iishe. Kila mmoja ana karatasi yake ya mpango: ghala lifike ngazi gani, askari wangapi wabaki nyumbani, kijiji cha pili kiwe upande gani wa ramani. Ninachouliza ni hiki: wewe mwenyewe uko wapi kwenye karatasi hiyo? Usingizi wako, hasira yako, bando lako linaloisha katikati ya wiki, hiyo tabia ya kushindwa kumkatalia mtu?

Nauliza kwa sababu kanisani tunasema kwa wepesi sana "Bwana, mimi ni mdhaifu", halafu tunanyamaza hapo hapo. Mdhaifu wa nini? Katika Luka 14 Yesu anamtaja mfalme mwenye watu elfu kumi anayejiwa na mwenye elfu ishirini. Mfalme yule anaketi kwanza na kufanya shauri. Hakemewi kwa kuwa na jeshi dogo. Anajua idadi yake, na shauri lake linaanzia hapo, hata kama litaishia kwa kutuma wajumbe waombe amani. Mimi naamini unyenyekevu unaanza pale unapotaja idadi yako.

Nitoe wangu. Nacheza Travian, lile gemu la Wajerumani lililoanza 2004. Kuanzisha kijiji kipya unahitaji jengo la makazi lifike ngazi ya 10, walowezi watatu, pointi za utamaduni za kutosha, na mbao, udongo, chuma na nafaka 750 kila kimoja. Hayo nayaweza. Nisichoweza ni kuomba msaada. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Naona ni aibu mtu kuchungulia ghala langu likiwa tupu. Gemu linaruhusu kuweka walezi wawili wa kukuangalia akaunti ukiwa haupo, na nafasi zangu zilikaa wazi seva baada ya seva. Safari hii kabla hata sijapanga kijiji cha pili, nilimwomba mzee mmoja tunayesali naye awe mlezi. Nikamwambia wazi: baba, huwa siombi mpaka jambo limeharibika, kwa hiyo usisubiri nikuite. Umeme ukikatika huku kwetu usiku, yeye yuko mtaa wa Kisasa na anaingia. Ninapanga kwa uhuru ambao sikuwa nao.

Karibuni. Naomba visa vyenu wenyewe. Mahubiri tuyaache kwa Jumapili.

Nesi, Dodoma mjini

Amina, kaka. Mimi nipo kwenye Tribal Wars na nafanya kazi ya zamu. Nikitoka zamu ya usiku mwili unakataa kabisa, hata simu ilie kama king'ora siamki.

Wanaolijua gemu hili wataelewa uzito wake. Kuteka kijiji unatuma mtemi, na mtemi huenda polepole kuliko wote: dakika 35 kwa kila uwanja, yaani mraba mmoja wa ramani, kwenye seva ya kasi ya kawaida. Kijiji kilicho umbali wa viwanja 10 ni dakika 350, karibu saa sita. Kila mtemi anashusha utii wa kijiji kwa pointi 20 hadi 35, na utii unaanzia 100 na lazima uishe ndipo kijiji kiwe chako, kwa hiyo kwa kawaida unahitaji wanne wanaofuatana kwa karibu sana, adui asipate upenyo wa kuingiza askari katikati. Na ukishateka, utii unaanzia 25 tu na unapanda pointi moja kwa saa. Maana yake saa kama kumi za kwanza kijiji chako kipya kinaweza kuchukuliwa na mtemi mmoja tu wa adui. Wengi huhesabu safari ya kwenda. Hatari iko kwenye saa zinazofuata, na kwangu hizo ndizo saa za kulala.

Kwa hiyo niliwaambia viongozi wa aliansi, lile kundi la wachezaji tunaosaidiana, tangu mwanzo: msinipe mji wa mbali, na msinipe shambulio linaloishia asubuhi ya siku niliyotoka zamu. Nilichora duara kwenye ramani, viwanja vitano au sita kuzunguka kijiji changu cha kwanza, na nje ya hapo sigusi hata kama kuna kijiji kinono kimeachwa na mwenyewe. Kuna dada mmoja wa aliansi alisema najidharau. Hapana. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, na jibu lilikuwa neema. Mwiba ulibaki, naye akaendelea na safari akiwa nao. Mimi pia zamu zipo, na vijiji vyangu vimeshikana kiasi kwamba askari wa kimoja wanafika kwa jirani kabla chai haijapoa.

Mwanachuo, UDOM

Mimi ni Clash of Clans tu, wakuu, nitakuwa mfupi. Udhaifu wangu ni kutaka kuonekana. Kupandisha jumba kuu kabla ya kuta na mizinga kunakupa sifa kwa wanafunzi wenzako, lakini ukishapanda, ukivamia wenye jumba la chini yako nyara inapungua, na wakubwa wanakukuta hujajiandaa. Sasa kabla ya kubonyeza namwonyesha rafiki ninayekaa naye hosteli. Yeye hachezi kabisa, ndiyo maana namwamini. Ananiuliza swali moja: nani anakuangalia? Nikikosa jibu zuri, naacha.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Mbukwenyi!

Nesi amesema vizuri kuhusu saa za baada ya kuteka. Nami niongeze la nafaka, maana huku Ugogo hilo tunalijua bila kufundishwa. Kwenye Travian kila askari anakula. Ukiongeza jeshi mpaka ulaji ukapita mavuno, ghala likikauka askari wanaanza kufa wenyewe, adui hajarusha hata mkuki. Vijana huona ramani wazi wakadhani nafasi ndiyo utajiri. Mji wetu ulipangwa kuwa makao makuu tangu 1973 na ukawa jiji 2018, na miaka yote hiyo swali la wazee lilikuwa lile lile: maji ya visima vya Mzakwe yatawatosha wangapi?

Andiko ninalolishika ni Kutoka 23, aya ya 29 na 30. Mungu anawaambia Waisraeli hatawafukuzia wenyeji katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Kidogo kidogo, mpaka wao waongezeke. Hapo Mungu mwenyewe anapanga upanuzi kwa kuangalia uchache wa watu wake, wala haoni haya kuwaambia kwamba hawatoshi bado.

Udhaifu wangu ni hesabu. Shule niliishia darasa la saba na asilimia zinanichanganya. Binti yangu ndiye anayenipigia hesabu ya ulaji kila Jumamosi, ananiandikia kwenye daftari la shamba: baba, mwisho ni askari idadi hii, usipite. Akiandika sijapita. Mwanzoni iliniuma kidogo, mtoto kumwekea baba mpaka.

Mchangiaji, Mpwapwa

Nawaheshimu wote, ila niseme ninachokiona. Mnafundisha watu kutaja udhaifu wao kwenye aliansi, na kila aliansi ina jasusi. Ukisema "mimi nalala saa fulani" umempa adui saa ya kuja. Mfalme Hezekia aliwaonyesha wajumbe wa Babeli hazina yake yote, hakubakiza kitu, na nabii Isaya alimwambia vyote vitachukuliwa Babeli. Mimi udhaifu wangu nampelekea Mungu kwenye maombi, basi.

Mtoa mada

Asante, mkuu, hili lilikuwa linakosekana. Hata hivyo Hezekia alionyesha fahari: fedha, dhahabu, nyumba ya silaha. Naona tunachoongelea kinaenda upande mwingine kabisa. Lakini kuhusu jasusi uko sahihi. Mimi nilimwambia mzee mmoja, sikuandika kwenye kundi. Nesi naye aliwaambia viongozi. Yakobo anasema tuungamiane sisi kwa sisi, na hilo linahitaji mtu unayemjua kwa uso. Ukibaki na udhaifu wako kwenye maombi peke yake, nani atashika akaunti yako umeme ukikatika? Mungu anajibu, na mara nyingi anamtuma jirani.

Mwinjilisti, Kongwa

Wapendwa, mimi nina kijiji kimoja. Sijawahi kuwa na cha pili.

Najijua. Nikianza kupanua siachi: nitaingia ibadani nikiwaza walowezi, nitakaa na mgonjwa huku nikiangalia saa. Wengine wanaweza kubeba vijiji kumi na wakalala usingizi. Mimi siwezi, na niliacha kubishana na jambo hilo. Basi nikawaambia wenzangu: nipeni kazi ya mwenye kijiji kimoja. Nalima nafaka na kuwapelekea walio mstari wa mbele, asubuhi na jioni, kisha nafunga simu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge zaidi ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Kwenye aliansi yetu kulikuwa na majeshi makubwa yaliyokuwa yanakula mkate wa kijiji kidogo cha Kongwa, na waliokuwa wanakula walijua.

Kijana wa UDOM, swali analokuuliza rafiki yako ni zuri. Endelea naye.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Mwinjilisti, mtu kama wewe ndiye namtafuta. Seva mpya ikifunguliwa njoo upande wa kusini-magharibi wa ramani tukae jirani. Binti atapiga hesabu za wote wawili.

Nesi, Dodoma mjini

Na mimi mniwekee nafasi, ingawa Travian siijui vizuri. Ila mnikabidhi vijiji vya ndani, vya mpakani wape wasio na zamu. Ndugu wa Mpwapwa, wewe ndiye ungefaa kuchuja wanaoomba kujiunga, kwa sababu unawaza majasusi. Utakubali?

Mchangiaji, Mpwapwa

Nitakubali. Mwenye kuomba kujiunga aje kwangu kwanza, pembeni, si kwenye kundi. Nami la kwangu nitamwambia mwinjilisti, tukionana Kongwa siku ya mnada.