Tupeane uzoefu: kwenye granji ya miaka ya tisini, wewe ni wa bendi gani?

Wakuu salaam. Tuliolelewa na granji, ile roki ya Seattle, Marekani, tupo wachache, lakini tupo. Tuambiane bendi gani ilikushika na ilikushikaje. Usiishie kusema Nirvana ndiyo baba lao, eleza sikio lako lilisikia nini.

Naanza. Mimi ni wa Alice in Chains. Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Marekani na kanda ya Dirt, albamu ya 1992, nikaipiga kwenye redio kaseti ya nyumbani Upanga mpaka utepe ukachoka. Kilichoniteka ni sauti mbili za Layne Staley na Jerry Cantrell. Zinakaa karibu mno, zinakwaruzana, wala hujui ipi inaongoza. Nimekulia kwenye kwaya, nimezoea sauti ya pili kuipamba ya kwanza. Kwa hawa, sauti ya pili inaongeza uchungu. Halafu mwaka 1994 wakaja na Jar of Flies, vipande saba tu, magitaa makavu yasiyo ya umeme yametawala, ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani. Huzuni iliyopangwa vizuri namna ile sijaisikia tena.

Mdau, Nairobi:
Mkuu, hao nawaheshimu ila wananielemea. Mimi Soundgarden. Napiga dramu, kwa hiyo nilimpenda mpiga dramu wao Matt Cameron kabla hata ya mwimbaji Chris Cornell. Chukua wimbo wao Spoonman, uhesabu mwenyewe. Ukihesabu mapigo manne manne utapotea, maana sehemu kubwa inakwenda kwa saba. Na bado kichwa kinatikisika chenyewe! Nilipoupiga na wenzangu mara ya kwanza, mpiga besi alikuwa anafika mapema kila mzunguko, tukarudia pale pale jioni nzima. Cornell naye alianzia chini kabisa akapanda mpaka juu na sauti bado imejaa. Alipofariki Mei 2017 niliumia kama nimefiwa na ndugu.

Mdau, Minneapolis:
Pearl Jam, kaka zangu, na sibadiliki. Albamu yao Ten ilitoka Agosti 1991, kabla ya Nevermind ya Nirvana, ila ilichelewa kupanda. Mwimbaji wao Eddie Vedder alikuwa San Diego, akaletewa kanda yenye muziki mtupu, akaitungia maneno, akaingiza sauti yake na kuituma Seattle. Ndivyo alivyopata kazi! Mimi nafuata maneno kwanza, na Vedder anaimba habari za watoto waliodhulumiwa bila kuwafanya vikaragosi. Tena mwaka 1994 wenzake wawili walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani dhidi ya Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa sababu ya makato kwenye tiketi za mashabiki. Bendi iliyonitetea mimi mnunuzi wa tiketi siwezi kuiacha.

Mdau, Arusha:
Nirvana, lakini siyo Nevermind. Ile imepigwa pasi sana, mwimbaji wao Kurt Cobain mwenyewe alilalamika baadaye kwamba ni laini mno. Nipe Bleach ya 1989, iliyorekodiwa kwa dola mia sita na ushee, au In Utero aliyoirekodi Steve Albini. Kwenye In Utero dramu zinasikika kama uko chumba kimoja na mpigaji wao Dave Grohl.

Mwanzisha mada:
Mkuu wa Arusha, hapo nakupinga. Bila ulaini huo Nevermind isingeing'oa albamu ya Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati za Marekani Januari 1992, na kanda hizi zisingefika Upanga.

Mdau, Arusha:
Kufika zingefika, kwa kuchelewa. Mimi naongelea sikio, wewe unaongelea soko.

Mdau, Mombasa:
Mbona hakuna aliyewataja Screaming Trees? Mwimbaji wao, marehemu Mark Lanegan, alikuwa na sauti nzito yenye moshi, na hakuharakisha neno hata moja. Dada wa Minneapolis, wewe unayefuata maneno, tafuta albamu yao Sweet Oblivion ya 1992. Sikiliza kwa spika za sauti kubwa, simu haitakupa ile besi.