Tupeane uzoefu: uani kulikokuwa jaa, leo pana asumini

Binti wa Tudor

Salaam aleikum nyote. Nataka tusimuliane habari za nyua zetu, zile zilizoachwa zikawa jaa, na jinsi mtu alivyozifufua kwa mikono yake na kwa vitu ambavyo wengine walikwisha kuvitupa. Naanza na yangu.

Mama alipotangulia mbele ya haki, uani kwetu hapakuwa na wa kupaangalia. Miaka sita kila kibovu kilitupwa huko: kitanda cha besera kilichovunjika, sinki la jikoni, milango miwili iliyoliwa na mchwa, vigae vilivyobaki baada ya kutengeneza choo, madebe ya rangi. Magugu yakapanda hadi dirishani. Mlango wa jikoni tukaufunga kwa komeo, tukaacha kupita huko kabisa.

Mwaka jana masika yalipokwisha nikaita vijana wa mkokoteni waje kuzoa. Wakaanza kwa kubeba matendegu ya kile kitanda. Ni mti wa kukerezwa, mzito, hauna hata tundu moja la mdudu. Mama alikuwa akikaa juu ya kitanda hicho akitunga vikuba vya harusi, asumini kwenye sinia, rehani pembeni. Nikawaambia warudishe. Nikawalipa nauli yao wakaenda.

Tangu siku hiyo sikutupa kitu kabla ya kukitazama vizuri. Matendegu manne nikayasimamisha, nikayafunga kamba za usumba kutoka hili hadi lile, na asumini sasa inapanda juu yake. Sinki ni la mnanaa, kwa sababu lina tundu lake la kutolea maji tayari. Vigae nimevivunja nikavipanga njiani, upande wa ukwaru juu, mtu asiteleze.

Udongo ndio ulionitesa. Wa kisiwani Mombasa mwajua: ukipiga jembe shubiri moja tu lagota jiwe la tumbawe. Nilipoteza wiki mbili nikichimba. Mwisho nikaacha kuchimba, nikainua. Mawe yaleyale niliyoyang'oa nikayapanga kuwa kingo, nikajaza ndani udongo, samadi ya mbuzi na majani makavu. Kosa langu la pili lilikuwa maji. Kisima chetu kina chumvi, na mnanaa wa kwanza uliungua ncha za majani ukafa. Sasa nakinga ya mvua kwenye pipa, na ya kisima nawapa mnazi na mkadi tu, hao hawajali.

Haya, nawasikiliza.

Seremala wa Magongo

Hongera dada. Hayo matendegu ungeyauza kwa kuni ningesikitika sana.

Mimi hutumia paleti, zile chaga za mbao za kuwekea mizigo zitokazo kwenye maghala ya Changamwe. Nimetengeneza baraza ya kukalia, rafu ya vyungu na kigeti cha kuzuia kuku. Lakini nina neno kwa kila anayezichukua. Tazama muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona HT, mbao ziliuawa wadudu kwa joto, chukua. Ukiona MB, zilifukizwa methyl bromide, nayo ni gesi ya sumu. Hizo usipandie mboga, wala usizichome ukapikia. Isiyo na muhuri wowote au iliyomwagikiwa mafuta, mimi huiacha palepale hata nipewe bure.

Halafu, msihangaike kung'oa misumari. Ile ya paleti imesokotwa kama parafujo na imeshika barabara, ukiilazimisha mbao inapasuka. Pitisha msumeno wa kukatia chuma baina ya ubao na gogo, ukate msumari wenyewe. Kichwa chake kitabaki kwenye ubao, kinapendeza tu.

Na mguu wa baraza usiguse udongo. Uweke juu ya jiwe. Mchwa wa kwetu hawahitaji mwaliko.

Mama wa Kisauni

Nimefurahi kuona mada hii, ila langu ni la uchungu kidogo, na nalileta kwa makusudi.

Mimi nilianza na matairi. Niliyapata bure kwa mziba pancha, nikayapaka rangi ya samawati na manjano, nikayapanga mbele ya nyumba, mengine yana maua na mengine yanangojea udongo. Jirani zangu wakaja kupiga picha. Haya yalikuwa kabla ya chikungunya, homa iletwayo na mbu, kuingia Mombasa, ule mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Kwangu tuliugua watatu. Mwanangu wa kati alishindwa kushika kalamu, na mimi viungo vya mikono vilinikaba miezi, asubuhi siwezi kufungua hata kifuniko cha chupa.

Waliokuja kukagua mtaa waliinua tairi moja lililokuwa tupu, wakanionyesha maji ndani yake na viluwiluwi wa mbu wakicheza. Nililia. Mbu huyo huuma mchana, na anapenda maji ya mvua yaliyotulia mahali penye kivuli, na ndani ya tairi ndiko hasa.

Sikuacha matairi, nilijifunza. Kila tairi sasa nimelikata mdomo wa juu kwa kisu kikali, nimetoboa upande wa chini mashimo manne kwa msumari wa moto, na halikai tupu hata siku moja. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu yule hung'ang'ania ukutani mwa chombo, yanaweza kukaa makavu miezi mingi, kisha mvua ikija yakaanguliwa. Kwa hiyo ndoo, pipa, sahani ya chini ya chungu, vyote nasugua kwa brashi kila Ijumaa. Binti wa Tudor, hilo pipa lako la mvua lifunike kwa chandarua tafadhali.

Binti wa Tudor

Mama, pole sana, na ahsante. Pipa lina kifuniko, lakini kina ufa. Leo hii nalivisha kipande cha chandarua.

Kijana wa Likoni

Mie sina mengi. Ami yangu alikuwa mvuvi, na mtumbwi wake ulipooza kitako waliukokota pwani wakauacha. Nikamwomba. Tuliuleta kwa mkokoteni, watu wanne, na yeye akatembea kando yake njia nzima ameuwekea mkono.

Niliuacha masika nzima unyeshewe ili chumvi itoke. Kisha chini nikatandika vifuu, juu yake makumbi niliyoyaloweka siku mbili, halafu ndio udongo. Makumbi yanashika maji, hata wakati wa kaskazi, jua linapowaka kisawasawa, namwagilia mara moja tu jioni. Upande wa omo, yaani mbele, nimepanda rehani, katikati mchicha, na tezi, kule nyuma, nimeachia boga litambae. Ami huja kila Jumapili. Hakai kwenye kiti, huketi ukingoni mwa mtumbwi.

Kigeti changu bawaba zake ni vipande vya ndara zilizoletwa na maji ufuoni. Mwaka wa tatu huu, hazipati kutu.

Mgeni wa Bamburi

Nyinyi mna udongo wa kulalamikia. Mimi nyuma ya nyumba ni jiwe jeupe tupu, kama sakafu. Nianzie wapi?

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu wa Bamburi, jibu liko hapo kwenu. Nenda ukaitazame Haller Park. Pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji, jiwe lisilo na jani. Mwaka 1971 Dkt. René Haller alianza kupanda miti katika shimo hilo, na uliostahimili sana ni mvinje. Tatizo likawa majani yake, yalikuwa yanaanguka na hayaozi. Ndipo wakaletwa majongoo, wale wa kwetu wenye miguu myekundu, wakala yale majani na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo mna msitu na wanyama. Kwa hiyo udongo haungojewi, unatengenezwa. Anza na pembe moja. Zungushia mawe, tupa humo majani, maganda, makumbi, samadi, tia maji, na ukimwona jongoo usimuue.

Yangu ni haya. Sisi wa Mji wa Kale hatuna bustani, tuna ua wa ndani usiozidi hatua kumi. Marehemu mke wangu aliacha kabati la vyombo, na lilipoanguka, karibu vyote vikapasuka. Nilikaa na vile vigae ndani ya gunia, sikuweza kuvitupa wala kuvitazama.

Kisha nikakumbuka walivyofanya wazee wa pwani. Walikuwa wakichomeka sahani na bakuli za Kichina katika makaburi na misikiti, na ile nguzo ya kaburi ya Mambrui ilipambwa hivyo hivyo. Nikanunua chokaa, nikachanganya na mchanga, nikaanza ukuta wa kibla wa ule ua. Nilikuwa nikichomeka vipande vichache kila baada ya alasiri. Chokaa haitaki haraka. Ukuta uloweshe kwanza, na ukishapaka, uufunike kwa gunia bichi siku kadhaa usipigwe na jua, ama utapasuka kama uso wa kinamo kikavu. Mimi sehemu ya kwanza ilipasuka yote, nikaibandua nikaanza upya.

Chini ya ukuta kuna mitungi mitatu ya zamani yenye nyufa, imekaa kilua, asumini na mchaichai. Jua la saa tatu likiingia, vigae vinang'aa. Wajukuu wanaijua kila sahani: hii ya Idi, hii ya wageni, hii ya uji wa Bibi.

Mpangaji wa Mikindani

Shikamoo Mzee. Nimeisoma yako mara mbili.

Kwetu tuliopanga mambo ni mengine. Mara ya kwanza nilijenga matuta ya mawe, nikapanda mpapai, na ulipoanza kuzaa mwenye nyumba akataka pale mahali pa kuegesha gari. Siku moja tu, yote chini. Tangu hapo napanda kwenye vitu vinavyobebeka: magunia ya sukumawiki yaliyotobolewa kando, mitungi ya plastiki iliyokatwa nusu, sufuria zilizotoboka. Nilipohama, tuktuk mbili zilitosha. Ile bustani haikukosa maji hata jioni moja.

Mzee wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Mpapai huo umeniuma.

Mgeni wa Bamburi

Nimeshapanga mawe pembe moja, Mzee. Dada wa Tudor, hiyo asumini naweza kupata mche?

Binti wa Tudor

Karibu, na mwingine yeyote atakaye. Nitakata vipande masika yakikaribia. Usichukue kichipukizi laini wala tawi lililokomaa kabisa, taka la katikati, lenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini toa, fundo moja au mawili yaingie udongoni, weka kivulini na udongo usikauke. Usiuvutevute kutazama mizizi, ngoja mpaka utoe jani jipya.

Njoo na kopo lako, lililotobolewa chini. Mlango wa jikoni hatuufungi tena, pitia huko huko nyuma.