Nipime mchanga kwa mwanga au mkaa kwa kaboni? Fedha za kipimo kimoja tu

MtotoWaMicheweni: Assalaam alaykum. Nafanya utafiti wa chuo kuhusu ukame wa kale. Nimechimba shimo huku Micheweni, Pemba, chini ya udongo nimekuta tabaka la mchanga wa upepo, na mkaa pia. Nichague kipi? Maabara wanataka jibu wiki hii.

BiZaituni: Waalaykum salaam. Mchanga gani, mwanangu? Kipimo cha mwanga huhesabu muda tangu punje za kwatzi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo, zilipoonja jua mara ya mwisho. Mweupe wa matumbawe hauna kwatzi. Udondoshee siki, ukitoa povu ni chokaa. Na huo mkaa, ambao kaboni yake huonyesha mti ulikufa lini, umeutoa wapi?

Kusi74: Mwanga tu! Vilima vya mchanga vya Nebraska, Marekani, leo ni malisho, lakini punje zake zimeonyesha vilihama kwa ukame miaka 1,000 hadi 700 iliyopita.

MpigaChepe: Mwanga, lakini sikiliza yaliyonikuta. Nilichimba mchana kweupe kule Makangale, nikatia mchanga kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, nikausafirisha juu ya gari mpaka Mkoani. Maabara wakanijibu punje zimeshaona jua, umri wote umefutika. Ada ikapotea, miezi saba ikapotea, na niliporudi shimo limeshafukiwa. Mpaka leo linaniuma. Pigilia bomba la chuma ukutani mwa shimo, ziba ncha zote mbili, lisifunguliwe ila kwenye chumba cha taa nyekundu hafifu.

MtotoWaMicheweni: Siki imetoa povu jingi, lakini zimebaki punje kiasi. Mkaa ulikuwa juu ya mchanga.

BiZaituni: Basi mkaa utakwambia tu kwamba mchanga ulitangulia.

MaalimPango: Jamani, pwani upepo haungoji ukame. Kusi na kaskazi husukuma mchanga hata masika ikinyesha vizuri. Utajua ulizikwa lini, hutajua kama mvua ilikata. Vumbi la ukame lililo kwenye barafu ya Kilimanjaro, lile la miaka 4,000 hivi, ni jambo jengine, halikutoka ufukweni. Mimi ningetafuta mawe ya matone mapangoni, yale yanayokua kwa maji ya mvua yanayodondoka.

Kusi74: Ukate jiwe pangoni? Mapango mengine watu bado wanatambikia.

MaalimPango: Ndiyo maana unaanza kwa sheha na wazee wa mji, hupeleki nyundo kwanza.

MtotoWaMicheweni: Sasa hizo punje zilizobaki zitatosha?

BiZaituni: Zina uzito gani? Shimo lina kina gani? Na unyevu umepima? Umri huhesabiwa kwa mionzi ya udongo iliyojilimbikiza kwenye punje; maji hupunguza mionzi inayozifikia, umri ukaja kombo.