Kijiji ninachoishi Uingereza kimechangia kisima cha kwetu Singida, lakini kwetu wanaomba kitu kingine. Niwaambieje?

BintiSingida:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni muuguzi, naishi kijiji kidogo Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Nilifika nikiwa mjamzito na simjui mtu. Nilipojifungua, majirani walipeana zamu kuniletea chakula mwezi mzima. Ndivyo walivyo. Wana zamu ya magari ya kuwapeleka wazee hospitali, Alhamisi wanagawa vyakula kwa walioishiwa, theluji ikianguka wanawasafishia wajane njia. Hakuna anayelipwa. Na mimi niko kwenye zamu ya magari.

Mwaka juzi niliwasimulia jinsi mama yangu alivyokuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi foleni kisimani. Wakaunda kamati. Wameuza keki ukumbini, wametembea kwa miguu kuchangisha, bibi mmoja wa miaka 84 amefuma soksi za kuuza mpaka vidole vikavimba. Zimefika pauni 7,300. Wanataka kuchimba kisima kirefu, kiwekwe kibao chenye jina la kijiji chao, na watu sita waje Agosti kupaka rangi shule.

Sasa nimempigia mjomba, akanikutanisha na mtendaji wa kijiji. Kumbe visima vya pampu ya mkono viko viwili, vyote vya wafadhili, na vyote ni kama vimekufa. Kimoja kilikosa vipuri. Cha pili kinatoa maji ila watu waliacha kuyanywa. Wanachoomba ni kufufua kile cha kwanza, na matanki ya kuvuna maji ya mvua shuleni.

Nitamtazamaje yule bibi usoni?

Kipanga77:
Dada, pokea kisima. Aliyekupa hakuuliza, na wewe usimuulize. Hela ikirudi ndiyo basi.

FundiMaji:
Kipanga, hapana. Hayo maji waliyoacha kunywa ndiyo ya kuulizia kwanza. Watoto wana meno ya kahawia? Singida, kama Arusha na Manyara, ina maeneo yenye madini ya floraidi mengi ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaharibu hata mifupa, na kuchemsha hakuiondoi. Ukichimba kirefu jirani na hapo bila kupima, unaweza kuchimba ugonjwa uleule kwa pauni 7,300. Na mchimbaji akikosa maji, wengi hawarudishi hela.

Kuchimba kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani lazima wajue. Hao hao wakuambie kile cha kwanza kina pampu gani. Ikiwa ni Afridev, ilibuniwa miaka ya 1980 makusudi ili wanakijiji waifungue na kuitengeneza wenyewe. Mara nyingi kinachokufa ni raba tu, na jumuiya ya watumia maji haina akiba ya kununua nyingine.

MamaLeeds:
Mdogo wangu, nimepitia haya. Kosa letu ni kukubali kuwa mdomo wa kijiji kizima. Mpigie mtendaji simu ya video siku ya kikao, awe na mwenyekiti na kina mama wanaochota. Wewe tafsiri tu, usipunguze wala usiongeze. Wazungu hawa wakisikia "kimekufa" kutoka kwa mwenye ndoo, wataelewa.

Na hela: England, kikundi cha hisani kikiingiza zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kusajiliwa na Charity Commission, wasimamizi wa mashirika ya hisani. Kikitambuliwa na watu wa kodi, kila pauni anayochangia mlipa kodi inaweza kuongezwa peni 25. Hapo unapata tanki jingine.

MzeeKibaoni:
Mwanangu, kibao kisikusumbue, waandike jina lao kwenye tanki. Ila kupaka rangi, vijana wetu wapo na wanatafuta kazi hiyo hiyo. Wageni waje, lakini viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Waulize Uhamiaji mapema. Wangelala majumbani mwetu, wakaona foleni ya saa tisa usiku, wakaenda kuwasimulia wenzao. Na kijiji nacho kichange, ipitishwe kwenye mkutano mkuu. Hata kama ni kuku.

BintiSingida:
Asanteni sana. Jana nilikwenda kwa bibi peke yake, kabla ya kamati. Nilimweleza yote, sauti ikinitetemeka. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Vilikufa kwa nini?" Tukakaa saa nzima kwenye swali hilo. Mwishowe aliniuliza raba ya pampu inauzwa bei gani, nami sikuwa na jibu.

Simu ya video ni Jumamosi. Mzee, la mkutano mkuu nimemfikishia mtendaji. FundiMaji, mjomba yuko tayari kwenda kisima cha pili kesho kuchukua maji ya kupima. Atumie chupa gani?

FundiMaji:
Ya plastiki, safi, siyo ya kioo. Aisuuze mara tatu kwa maji yaleyale, aijaze, aandike tarehe na jina la kisima, apeleke maabara ya maji Singida mjini. Raba nitakuulizia bei leo.