Tupeane uzoefu: farasi wako aliwahi kushtushwa na kitu gani cha ajabu?

Mshikahatamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mabandani. Mambo mazito tunayo kila siku: kwato, miguu, tumbo kusokota. Leo nataka tucheke kidogo.

Naanza na la kwangu. Nina farasi wa miaka tisa, mpole hadi watoto wanamlalia shingoni. Kila asubuhi tunapita njia moja kutoka bandani kwenda uwanja wa mazoezi, na kila asubuhi toroli la samadi limeegemea ukuta uleule. Amelizoea kiasi kwamba hujikunia shavu kwenye mpini wake. Juzi mtu kaliosha, akaliacha limelala kifudifudi, gurudumu juu. Aisee! Jamaa kasimama kama mti, shingo juu, masikio yote mawili mbele, akapuliza pua kwa kishindo, kisha akaruka pembeni bila kuniaga. Mimi nikabaki hewani. Nilitua kwa makalio palepale alipokuwa amesimama yeye.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya kuniangusha alirudi taratibu, akaninusa kofia, akaanza kula nyasi kana kwamba mimi ndiye nimeamua kukaa.

Haya, mwageni zenu. Masharti mawili tu: iwe imekutokea wewe mwenyewe (za "rafiki yangu aliniambia" hatuzitaki), na useme ulifanya nini baadaye, hata kama ulifanya ujinga.

Kwato Nne

Hahaha, pole mkuu. Yangu fupi. Alijamba, akashtushwa na mlio wake mwenyewe, akatimka. Anavyokimbia anajamba, anavyojamba anazidi kukimbia. Nilifanya nini? Nilishika manyoya ya shingo nikasubiri gesi iishe.

Mshikahatamu

Uzi ufungwe tu, hakuna wa kuishinda hii.

Bi Tandiko

Usifunge, nina neno. Mshikahatamu, usimwite mjinga huyo farasi. Mwaka 2021 Temple Grandin, yule mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, na wenzake walitoa utafiti wao. Waliwazoesha farasi wadogo kupita karibu na kifaa cha plastiki cha kuchezea watoto, mpaka wakawa hawana habari nacho. Kisha wakakigeuza robo mzunguko tu. Wale farasi wakakishangaa kama ndiyo mara ya kwanza kukiona! Kwa hiyo wewe uliona toroli lililopinduliwa. Mwenzio aliona mgeni amekaa kwenye nafasi ya toroli.

Yangu ilinitokea miaka mingi kabla ya huo utafiti, na laiti ningeujua. Nilikuwa na jike mmoja, nikamfundisha wiki mbili kupita juu ya turubai la bluu. Mwishowe anapita huku anapiga miayo. Nikaita watu waje waone. Siku hiyo, kwa mbwembwe, nikamleta kutoka upande wa pili. Aliliruka lile turubai kama mto wenye mamba. Alivuka yeye, mimi nikabaki ng'ambo ya huku, na watu niliowaita wakipiga makofi wakidhani ndiyo onyesho lenyewe.

Baadaye? Nilianza upya kutoka ule upande wa pili, ila safari hii ilinichukua dakika kumi tu. Tangu hapo kila kitu nakionyesha kushoto na kulia, kikiwa kimesimama, kimelala, kimekunjwa, kimefunguliwa. Inachosha kweli, lakini kuokota meno uwanjani kunachosha zaidi.

Mwanagenzi

Naomba kuuliza swali la kijinga. Mimi wangu anaogopa madimbwi. Hata dimbwi dogo lisilofunika kwato anasimama, anakoroma, anarudi kinyumenyume. Kila mtu ananiambia "anakuchezea akili huyo, mpe fimbo". Ni kweli?

Saisi Mstaafu

Swali lako si la kijinga, mwanangu. La kijinga ni hilo jibu ulilopewa.

Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa. Anaona karibu duara zima, kasoro nyuma ya mkia na kipande kidogo kilicho mbele kabisa ya paji la uso na chini ya pua. Akitaka kupima kina cha kitu anahitaji macho yote mawili yakielekee, na ili hilo litokee lazima achezeshe kichwa: akiinue, akishushe, akigeuze kidogo. Sasa wewe unaogopa ataruka, kwa hiyo umevuta hatamu hadi kidevu kimegusa kifua. Ni kama umemfunga kitambaa usoni halafu unamlaumu kwa kutoona. Yeye hajui lile dimbwi lina kina cha kidole au cha kisima. Anachoona ni kitu kinachong'aa, na ndani yake kuna mawingu.

Mpe hatamu, mwache ainame anuse, akitaka kupiga maji kwa kwato apige. Akirudi nyuma usimpige, wala usimgeuze mwondoke haraka, maana akili yake itahesabu kwamba kurudi nyuma ndiko kulikomwokoa. Subiri tu hapo mlipo. Ukiona kichwa kimeshuka, mpapase.

Na langu niliseme, kwa kuwa masharti ni masharti. Nilikuwa na dume mdogo mwenye ugonjwa huohuo. Nikamleta farasi mzee anayependa maji, akatangulia. Mdogo akamtazama, akafuata, akaingia. Mimi moyoni nikajiita bingwa. Dakika ileile akakunja magoti, akalala, akagaagaa. Nilichomoa miguu kwenye vikuku kwa sekunde ya mwisho. Tandiko halikuchomoka, na halikuwa langu.

Kwato Nne

Kumbe dawa ikizidi nayo ni sumu.

Upepo wa Asubuhi

Naomba kuingiza lenye uchungu kidogo, mtanisamehe.

Nilipokuwa naanza kazi hii nilifundishwa kwamba farasi anayeogopa mfuko wa plastiki dawa yake ni kumfungia mfuko huohuo kwenye tandiko na kumwachia kwenye uwanja wa duara, azunguke nao mpaka achoke. Nikamfanyia hivyo dume mmoja wa miaka mitatu. Alikimbia, akapiga mateke, akajigonga kwenye ua, mwisho akasimama katikati kimya. Nikafurahi sana, hata picha nikapiga.

Picha bado ninayo na siwezi kuitazama kwa muda mrefu. Mdomo umebana. Ngozi ya juu ya jicho imejikunja pembetatu. Masikio hayaelekei popote. Farasi aliyetulia hushusha shingo, hulegeza mdomo wa chini, hupumua mpaka unasikia, huegemeza mguu mmoja wa nyuma. Huyu alikuwa amekauka kama sanamu, na mimi nikaita kule kukauka utulivu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mgongoni kwake, kukiwa shwari kabisa, nikafungua zipu ya koti. Sauti ile tu. Alilipuka kana kwamba uoga wote wa siku ile ulikuwa umehifadhiwa mahali ukisubiri ufunguo. Nilivunjika mtulinga.

Siku hizi mfuko naufunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, naondoka nao na farasi ananifuata kwa nyuma. Kitu kinachomkimbia hakimtishi, tena baada ya muda anataka kukinusa. Akishusha kichwa, nausogeza mbali papo hapo. Hapohapo, si baada ya kuhesabu hadi tano, kwa sababu farasi hujifunza pale unapoachia. Ukichelewa kuachia, unakuwa umemfundisha jambo jingine ambalo hata wewe hulijui.

Mzee wa Shoti

Mimi nimefunga mifuko kwenye matandiko tangu wengi wenu hamjapanda farasi, na farasi wangu wako hai na wanapandika. Mnawadekeza.

Upepo wa Asubuhi

Shikamoo mzee. Sijasema wamekufa. Nauliza tu: ukiwa juu yao, mahali wasipopajua, huwa unafungua zipu?

Mzee wa Shoti

Marahaba. Zipu huwa naifungua kabla ya kupanda.

Mzee wa Shoti

Sawa, nimeelewa.

Saisi Mstaafu

Heshima kwako, mzee mwenzangu, si wengi hapa wangekubali. Na hili si jambo jipya. Xenophon, yule askari Mgiriki, aliliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: farasi anayekiogopa kitu ukimchapa, ataamini maumivu yale yametoka kwenye kitu chenyewe, na kesho atakiogopa maradufu. Alisema pia usimsogelee farasi ukiwa na hasira. Hilo la pili mimi lilinichukua miaka ishirini.

Pua ya Mahameli

Yangu ina aibu ya aina nyingine.

Farasi wangu aliogopa lango moja la uwanja kwa miezi mitatu. Malango mengine yote sawa, hilo moja hapana. Nililipaka rangi, nikahamisha ndoo zilizokuwa karibu, nikalichunguza ardhini kama mpelelezi. Nilikuwa na nadharia ya upepo, nadharia ya kivuli, hadi nadharia ya panya.

Siku moja niliumwa, mwenzangu akampanda. Hakujua habari za lango. Akapita mara sita, huku hatamu inaning'inia. Aliporudi nikamuuliza, "Langoni vipi?" Akaniuliza, "Lango gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka iliyopita nilianguka pale nikiwa na farasi mwingine kabisa! Hatua ishirini kabla ya kufika nilikuwa nabana mapaja, nazuia pumzi, nakaza viganja, na mimi mwenyewe sina habari. Farasi alikuwa akiniogopea mimi. Anajiuliza, huyu wa juu kaona simba gani?

Kuna utafiti wa Sweden wa mwaka 2009 ulionivua nguo kabisa. Watu waliambiwa kwamba wakipita tena mahali fulani na farasi wao, mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nao, wakati farasi hawakuambiwa lolote na mtu.

Na mnamjua Hans, yule farasi wa Berlin aliyekuwa akijibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba hesabu hakuijua, ila alimjua muulizaji. Alikuwa akigonga mpaka aone mtu amelegea kidogo usoni kwa sababu jibu limefika, naye anaacha. Wengi husimulia habari hii kama utapeli uliofichuliwa. Mimi naona farasi aliyesoma uso ambao hata wenye nyuso hawakujua wanauonyesha amefanya kazi ngumu kuliko hesabu.

Nilifanya nini? Naimba. Huwezi kuimba huku umezuia pumzi. Kila tukikaribia lango naanza wimbo, mwili unalegea wenyewe. Sauti yangu ni mbaya sana. Farasi haogopi tena, wanaokimbia sasa ni watu.

Bi Tandiko

Naweza kuthibitisha hilo la sauti. Nilikuwepo.

Mwanagenzi

Wakuu, nimerudi na ripoti ya dimbwi. Nilimpa hatamu kama Saisi alivyosema. Akasimama muda mrefu. Akainamisha kichwa, akanusa, akakiinua, akakishusha tena, akanusa upande wa pili. Nilikuwa najihesabia pumzi nisije nikafanya ya lango. Kisha akanywa! Akanywa tena. Akaweka kwato moja ndani, akanitazama kwa jicho la pembeni, akavuka. Nimelia kidogo, msinicheke.

Swali la pili la kijinga: sasa hataki kutoka kwenye dimbwi. Nifanyeje?

Saisi Mstaafu

Akikunja magoti, shuka.

Mshikahatamu

Wakuu, narudi kufunga hesabu yangu. Nimefuata ya Bi Tandiko kwa siku nne. Toroli limesimama, limelala kifudifudi, limelala ubavu, limejaa, liko tupu, limefunikwa gunia. Kila mara namwachia atazame, akishusha kichwa tunaondoka. Jana tulipita pale shingo ikiwa imelegea, nami nikaimba kidogo kwa usalama.

Leo asubuhi tumepita tena. Toroli lilikuwa mahali pake pa siku zote, limesimama vizuri, mpini upande uleule. Ila yule kijana anayetusaidia bandani alikuwa amejilaza ndani yake, kofia usoni, amesinzia.

Nimetua palepale. Nyasi za sehemu ile zimeshaanza kukauka.